Dada Nafuu Anatafutwa

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kunisoma, nikueleze haraka ili usibaki nyuma. Mimi nakaa mapokezi kwenye kliniki ya macho. Nimeolewa na fundi wa majokofu ambaye kila mtu anamwita Fundi Baridi, na tunaishi kwa mama yake, mkunga mstaafu. Nyumba ni yake, funguo ni zake, na hata redio hakuna anayeigusa ila yeye.

Kwa siri nilikuwa nauza kuponi za manunuzi mtandaoni. Huko nilijulikana kama Dada Nafuu. Nilichokuwa nakitafuta ni vyumba viwili vya kupanga na mlango ambao ningeufunga mimi mwenyewe.

Wiki iliyopita niliwaacha sebuleni. Mama mkwe alikuwa amerudi kutoka supamaketi mikono mitupu, kilemba kimekaa upande, akajitupa kwenye kiti bila kuvua viatu. Akaniambia amekamatwa kaunta na kuponi mbovu. Walimkalisha chumba cha walinzi, mlango wazi, na waliopita na matoroli yao ni watu aliowazalisha kwa mikono yake.

Nikamuuliza, kwa sauti ndogo, hiyo kuponi aliinunua kwa nani.

"Kwa mtu anajiita Dada Nafuu," akasema. "Na wewe ndiye utakayenisaidia kumpata."

Sasa twende.

Biashara hii haikuanza kwa ubaya. Ofisi nyingi zinawapa wafanyakazi wao kuponi za supamaketi badala ya kuwaongezea mshahara. Mtu anayetaka pesa mkononi ananiuzia kwa bei ya chini, mimi naipiga picha ile kuponi na namba zake, naiuza kwa mwingine nikiongeza kidogo. Mnunuzi anaonyesha simu yake kaunta, anachukua bidhaa, kila mtu analala amefurahi.

Halafu akaja Mjomba Ofa.

Sikuwahi kumwona wala kuisikia sauti yake. Ukimpigia hapokei, ila ukimwandikia anajibu papo hapo. Alisema yuko ofisi kubwa, wanagawiwa kuponi mpaka wanazichoka. Malipo aliyataka kupitia namba ya wakala, kwa hiyo hata jina lake halisi sikuwahi kuliona. Picha zake zilikuwa nzuri, na haziishi.

Je, nilijiuliza mtu mmoja anapata wapi kuponi zote hizo? Nilijiuliza. Nikajijibu harakaharaka kwamba kazi yangu ni kuuza, si kupeleleza. Hilo nalikiri hapa na sitalipamba.

Basi, mama mkwe akatoa simu yake kwenye mkoba, akanipa.

"Fungua pale tulipokuwa tunaandikiana naye. Lakini usisome za juu. Soma za chini tu."

Nikafungua. Pale juu, kwenye nafasi ya picha yake mwenyewe, kulikuwa na ua jekundu, na jina alilojiandikia lilikuwa Ua.

Nikavuta kiti, nikakaa.

Ua nilimjua. Katika wateja wangu wote, huyo ndiye niliyempenda. Wengine wanaandika "bei?" na hawarudi tena. Ua alikuwa anaanza kwa salamu, anakuuliza afya yako na kazi zako, ndipo anaeleza shida yake. Alikuwa ananiita mwanangu. Niliwahi kukaa pale mapokezi nikasema moyoni, laiti mama mkwe wangu angekuwa nusu tu ya mwanamke huyu.

Maana yule wa nyumbani alikuwa na ulimi wa wembe. Ukiosha sufuria, atalirudia. Ukikaa, atauliza umechoka na nini. Wala nisingemdhania mambo ya simu, kwa kuwa mimi ndiye niliyemfundisha kuitumia, na kila somo liliisha kwa ugomvi.

"Mbona hufungui?" akaniuliza.

"Simu inasumbua kidogo, Mama."

Za juu alizonikataza kuzisoma sikuhitaji kuzisoma. Nilizipokea mwenyewe. Nilikuwa mapokezi, nikisubiri mgonjwa apimwe, ujumbe wa Ua ukaingia. Alisema anataka kuponi ya vitu vya mtoto. Mke wa mwanawe ana mimba, lakini bado hajamwambia. Yeye amezalisha watu maisha yake yote, mwenye mimba anamjua kwa namna anavyoinuka kitini. Lakini ananyamaza, anangoja aambiwe, asije akamnyang'anya mwenzake furaha ya kusema.

Na mimi nikamjibu, kwa vidole hivi hivi: "Mkwe wako ana bahati sana, mama."

Wakati huo nilikuwa na mimba changa tumboni na nimeapa mama mkwe ndiye atakuwa wa mwisho kujua. Nilipanga tumwambie tukishahama.

Kwa hiyo mnaelewa sasa alikamatwa na nini kwenye toroli. Blanketi dogo, mataulo na soksi za kuingia kidole gumba.

Nikamuuliza alikuwa ananunua nini. Akatazama dirishani.

"Vitu tu," akasema.

Akanieleza masharti aliyopewa. Meneja amebaki na kitambulisho chake. Amwambie muuzaji ni nani na amlete, la sivyo kesi inakwenda polisi kwa jina lake yeye. Halafu akaniwekea sharti lake. Mwanawe asijue. Fundi Baridi alikuwa ametumwa kufunga chumba cha baridi kwenye tawi la supamaketi hiyo hiyo katika mji mwingine, na mama hakutaka aache kazi ya watu akimbilie nyumbani.

"Niahidi," akasema.

Nikaahidi.

"Haya, mwandikie huyo mwizi. Mwambie nataka nyingine, lakini tuonane ana kwa ana."

Jamani, mmewahi kujiandikia barua ya kujikamata? Nilishika simu ya mama mkwe, nikaandika kwa jina la Ua, nikatuma. Na simu yangu, iliyokuwa mfukoni mwa aproni, ikatetemeka.

Akaitazama aproni.

Nikasema ni kliniki. Akataka kujua kliniki inanitakia nini siku ya mapumziko. Nikasema miwani ya mgonjwa imefika, nikainuka kwenda msalani kana kwamba miwani yenyewe iko huko.

Nilijifungia, nikafungulia maji ya bomba yamwagike, nikajijibu. Dada Nafuu akaomba radhi. Akasema yeye pia ametapeliwa, na yuko tayari kurudisha fedha zote na zaidi. Nikarudi sebuleni nimeloa mikono, nikamsomea jibu langu mwenyewe kama mtu anayelisoma kwa mara ya kwanza.

Nilidhani itatosha. Sikumjua.

"Pesa zake akae nazo," akasema. "Mimi nataka kumwona uso. Nataka nimuulize, mtu anakuita mwanangu, wewe unampa kitu cha kwenda kumvua nguo sokoni?"

Nikashauri, kwa hekima ya uwongo, kwamba labda tuache, watu wa mtandaoni hawapatikani, kesho utakuta ameshafuta ukurasa.

"Akiufuta kesho," akasema taratibu, "nitajua kuna mtu aliyemwambia anatafutwa. Na humu ndani tupo wawili."

Hapo njia ya kufuta ukurasa nayo ikafungwa.

Asubuhi yake nikaenda kazini na macho mekundu kuliko ya wagonjwa. Kati ya mgonjwa na mgonjwa nilimwandikia Mjomba Ofa. Nikamwambia kuponi zake zimeoza na kuna mtu amekamatwa. Akajibu upesi kama kawaida yake. Akasema mitambo ya kaunta imebadilishwa, mteja asubiri kidogo, mambo yatatulia.

Ule utulivu wake ulinikera. Nikamwandikia yote. Nikamwambia aliyekamatwa si mhuni wa mtaani, ni mama mtu mzima, mkunga mstaafu, wamemkalisha na walinzi kama kibaka na kumnyang'anya kitambulisho.

Mjomba Ofa akasoma.

Nikaona anaandika, anaacha. Anaandika tena, anaacha.

"Anaishi wapi?" akauliza mwishowe.

Nikaona si siri kubwa. Nikamwambia ni upande wa tenki la maji.

Akatoka hewani. Nilimwandikia tena na tena, hakurudi. Nikajua huyo ameshakimbia, ameniachia mzigo peke yangu, nikamlaani kimoyomoyo huku namwambia mgonjwa afumbe jicho la kushoto.

Niliporudi nyumbani, mama mkwe alikuwa amesimama katikati ya sebule, simu ameiweka sauti ya nje kama nilivyomfundisha. Aliyekuwa akizungumza ni mume wangu.

"Mama, wamekufanya nini huko supamaketi? Wamekupiga?"

Mama mkwe alikuwa ananitazama mimi.

Nilisimama pale mlangoni na mkoba begani, nikapiga hesabu ambayo mtoto wa chekechea angeipiga. Mama hakumwambia mtu, alikuwa anaona aibu hata kwa majirani. Mimi sikumwambia mume wangu. Katika dunia nzima nilimwambia mtu mmoja tu, na huyo mtu aliuliza anaishi wapi, akatoka hewani.

Mjomba Ofa alikuwa mume wangu.

Nilikuwa namnunulia mume wangu kuponi. Yeye ananiuzia, mimi namlipa, halafu tunalala kitanda kimoja na kuulizana siku imekwendaje.

"Nani kakwambia?" mama mkwe akamuuliza kwenye simu. Akajibu kwamba amesikia tu, watu wanasema. Akasema anapanda gari, atafika kesho. Simu ikakatika.

Mama mkwe akaniuliza swali moja tu.

"Ni wewe uliyemwambia?"

Nifanyeje? Nikisema si mimi, atatafuta ni nani, na mwanamke yule akianza kutafuta hachoki. Atamfikia mwanawe.

"Ni mimi, Mama."

Hakunifokea. Ningeshukuru angefoka.

"Uliniahidi ukiwa umekaa hapo," akasema, akanionyesha kiti. Akaenda jikoni, akajipikia chai ya kikombe kimoja, akainywa, akakiosha kikombe chake, akakifuta, akakiweka kabatini. Tangu niolewe, mwanamke yule hakuwahi kuosha kitu mwenyewe bila kunisema. Siku ile hakusema neno. Nikajua kwa mara ya kwanza kwamba kelele zake zote zile zilikuwa ni namna ya kunihesabu kama mtu wa nyumbani.

Fundi Baridi akafika asubuhi, begi la vifaa mgongoni, ndevu hazijaguswa. Akamwamkia mama yake, akapiga magoti, akamshika mikono akiitazama kama inaumwa. Mama akamwambia akaoge, kisha waende wote kwa meneja. Mwanawe anafanya kazi kwa watu wale, labda watamsikiliza.

Mume wangu akanifuata uani nikianua nguo. Akasimama nyuma ya shuka lililoanikwa ili mama asimwone.

"Mke wangu, nimefanya jambo," akasema.

Akaniambia. Supamaketi ina boksi stoo, karibu na chumba cha kompresa. Kuponi zikishatumika kaunta zinatupwa mle, zinangoja kuchomwa. Mashine za zamani zilikuwa zinatazama tarehe tu, ukiipitisha kuponi mara ya pili hazishtuki. Yeye kwa kazi yake alikuwa anaingia kule wakati wowote.

"Sikuiba hata moja," akasema. "Nilikuwa napiga picha tu."

Aliyasema hayo kwa namna ya mtu aliyejiambia mara nyingi mpaka akaamini. Alitaka mashine ya kujazia gesi majokofu, aache kutumwa na watu, afungue karakana yake. Kisha supamaketi wakaleta mashine mpya bila yeye kujua, maana alikuwa mbali.

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Nilitaka kumwambia hapo hapo, nguo mkononi, tucheke au tulie, lakini tuwe wawili kwenye hili shimo. Naapa nilitaka.

Yeye akaniwahi.

"Lakini usiogope, nimeshapata njia. Kuna mwanamke niliyekuwa namuuzia. Namba yake ninayo. Nampeleka huyo kwa meneja, mama anaachiwa, yanaisha."

Nikamuuliza, na huyo mwanamke je?

"Tapeli tu wa mtandaoni. Acha abebe yeye."

"Na akisema alizipata kwa nani?"

"Hanijui. Hajawahi kuniona, hajui hata sauti yangu."

Alisema hivyo akiwa amenishika bega.

Maneno yangu yakarudi tumboni. Hata hasira sikuwa nayo, hilo ndilo linalonishangaza mpaka leo. Nilikuwa namtazama tu kama mtu uliyepanga naye nyumba moja miaka yote na leo ndiyo unamwona akipita barazani. Nikiwa bado natafuta pa kuanzia, mama mkwe akatuita. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kwendea kwenye harusi za watoto aliowazalisha.

"Twendeni wote," akasema, akanitazama. "Na wewe."

Ofisi ya meneja iko juu ya sehemu ya maziwa na nyama, kwa hiyo sakafu yake inanguruma muda wote kwa majokofu ya chini, yale yale anayoyatibu mume wangu. Ni chumba chenye meza, viti, na kioo cha kuwachungulia wateja. Meneja ni mwanamume mpole wa sauti, na huo upole wake ulinitisha kuliko bunduki za walinzi. Alitukaribisha, akatumiminia maji.

"Kumbe mkunga wetu ni mama yake Fundi Baridi," akasema. "Laiti ningejua, tusingefika huku."

Mume wangu akapata nguvu. Akasema hakuja kuomba upendeleo. Mama yake ametapeliwa, na muuzaji yeye amempata, namba yake iko hapa kwenye simu. Wampigie tu, walinzi wamfuate.

Akaitoa simu, akaiweka mezani, kidole juu yake.

Nami nikakumbuka kwamba simu yangu, yenye laini ya Dada Nafuu, ilikuwa kwenye mkoba wangu, mapajani, na sikuwa nimeizima.

Lakini aliyesema wa kwanza ni mama mkwe.

"Namba yake?" akauliza. "Mimi niliyenunua sina namba yake. Mimi nilikuwa naandikiana naye kwenye ukurasa tu. Wewe umeitoa wapi?"

Mume wangu akasema amepewa na rafiki.

"Rafiki gani?"

Akasema wa kazini.

Mama akaendelea kumtazama. Alimtazama kama nilivyozoea kuona wauguzi wa kliniki yetu wakimtazama mtu anayesema anaona vizuri huku anapapasa ukuta.

Meneja yeye hakuyaona hayo, alikuwa amefurahi. Akavuta kiti chake karibu nasi, akatueleza kwa nini anamtaka sana huyo Dada Nafuu. Hana haja ya kumfunga. Namba za kuponi zimekaguliwa, zote zimetoka kwenye boksi la stoo yao. Kwa hiyo mwizi ni wa ndani, mtu mwenye ruhusa ya kuingia kule nyuma. Huyo ndiye wanayemtaka, na huyo hatasamehewa. Dada Nafuu akija akamtaja aliyempa, atakwenda zake, na kitambulisho cha mama kitarudi leo hii.

"Mpigie, Fundi," akasema.

Kidole cha mume wangu kilikuwa bado juu ya simu. Kikaanza kurudi nyuma polepole mpaka mkono wote ukashuka chini ya meza. Akasema, aah, samahani, kumbe ile namba ameifuta. Sijawahi kumwona mtu anabadilika rangi vile akiwa amekaa.

Meneja akamtazama. Sasa alikuwa anatazama kweli.

Mama mkwe akakohoa.

"Meneja," akasema. "Hakuna Dada Nafuu. Ile kuponi mimi niliiokota."

"Mama, juzi hapa ulisema umenunua."

"Nilidanganya. Niliona haya. Niliiokota, nikajua si yangu, nikaitumia. Basi niandikie mimi hiyo kesi, usiwasumbue watoto."

Aliyasema akiwa amenyoosha mgongo, mikono imelala juu ya mkoba. Mwanamke ambaye maisha yake yote akiongezewa chenji dukani anarudi kuikabidhi. Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Nilimngoja aseme kitu, nikamngoja kwa moyo wote. Alikuwa anasoma sakafu.

Meneja akashusha pumzi. Akasema inamsikitisha, lakini kwa kauli hiyo hana jinsi. Akavuta simu ya mezani, akaanza kubonyeza namba ya polisi.

Nilikuwa nimekaa katikati yao. Nikisema mimi ni nani, nitaulizwa alikuwa ananipa nani, na mtu wa kumtaja amekaa mkono wangu wa kushoto. Nikinyamaza, aliye mkono wangu wa kulia, mwanamke aliyekamatwa akilinunulia tumbo langu blanketi, anakwenda kulala rumande. Hapakuwa na mlango wa tatu. Niliutafuta, niamini.

Nikasimama.

"Weka simu," nikasema. "Dada Nafuu ni mimi."

Sakafu iliendelea kunguruma. Mume wangu aliinua kichwa. Nikaona akipita kwenye njia ile ile niliyopita mimi mlangoni siku moja kabla, hatua kwa hatua, mpaka akafika mwisho wake na kunikuta nimesimama hapo.

Mama mkwe alikuwa amefumba macho. Sijui alikuwa anasikia aibu, au alikuwa anasoma upya kila alichomwandikia Dada Nafuu, salamu zote zile, na kila nilichomjibu.

Nikafungua mkoba, nikaiweka mezani ile simu yenye laini ya biashara. Meneja akairudisha ya kwake mahali pake bila kumaliza namba. Hakuonyesha kushangaa sana. Akanisogezea glasi ya maji, akanisihi nikae, akaongea kwa upole ule ule.

"Dada, mimi ni mtu wa ahadi. Niambie jambo moja tu, na wewe na mama mwende nyumbani sasa hivi. Nani alikuwa anakupa?"

Nikakaa.

Chini ya meza, mkono wa mama mkwe ukaja ukaukamata wangu. Tangu nimjue hakuwahi kunishika mkono. Ulikuwa mkavu na wenye nguvu, mkono uliovuta watoto wengi duniani, na ukanibana mpaka vifundo vikauma.

Aliubana vile bila kufumbua macho. Nami nikashindwa kabisa kujua ananiambia nyamaza, au ananiambia sema.